Kufuli Limefungwa, Moyo Bado Unarudi: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Wasiwasi na Mawazo Yanayojileta

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nafunga kibanda changu cha uwakala wa fedha za simu, hapa Tanga, mara nne kila jioni. Mara ya kwanza ilikuwa ya kufunga kweli, tatu zilizofuata zilikuwa za kurudi. Nikifika kona, pale anapokaa muuza mihogo, linanijia: hukulifunga. Narudi. Nalishika kufuli, nalivuta chini mara tatu, nasikia linavyogonga mlango, mkono unabaki na harufu ya chuma. Najua kabisa limefungwa. Natembea hatua thelathini na ule uhakika umeshayeyuka. Siku moja ya mvua nilirudi mara saba, hadi muuza mihogo akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Haya ninayoyaandika niliyapata kwa mshauri wa afya ya akili niliyeelekezwa kwake baada ya kuhangaika sana. Nimeyaongezea kwa kusoma, na zaidi ya yote kwa kuyafanya. Kama nawe unaamka saa tisa usiku kuhesabu madeni, au moyo unakwenda mbio ukiwa ndani ya daladala, au kuna wazo baya linakujia hata ukiwa na watoto na huthubutu kumwambia mtu, soma taratibu. Si lazima uyafanye yote. Ila usiruke sehemu ya mawazo yanayojileta, maana huko ndiko watu wengi wanakoteseka kimya kimya.

Anza kwa kujua mwili unafanya nini

Wasiwasi ni king'ora. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakimbia ili damu ifike kwenye misuli, pumzi zinakuwa fupi, tumbo linavuruga, viganja vinalowa jasho. Yote hayo yangekufaa sana kama nyoka angekuwa amepita mlangoni. Lakini king'ora hakijui tofauti ya nyoka na ujumbe wa mwenye nyumba. Kinalia vilevile.

Jambo moja hapa kila mtu angepaswa kufundishwa tangu shule ya msingi. Ukipumua harakaharaka ukiwa umekaa tu, unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Ikipungua kwenye damu ndipo kinakuja kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na ile hali ya kuona hewa haitoshi. Mtu anadhani anakufa, anazidi kuvuta hewa, na dalili nazo zinazidi. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nililia. Miezi yote niliyokuwa nakufa ganzi mikono nilishajiandikia kifo, kumbe ni namna ya kupumua.

Hata hivyo usijipime mwenyewe kwa kusoma makala. Maumivu ya kifua ya mara ya kwanza, hasa yanayotambaa hadi mkononi au kwenye taya, au kuzimia, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na sukari kushuka, vyote huleta mapigo ya moyo na kutetemeka. Omba upimwe. Kisha hesabu unachokunywa na unachotafuna: kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, na mirungi, ambayo wenzetu wa Kenya wanaiita miraa. Anayetafuna hadi usiku wa manane halafu mawazo yakamkimbia kitandani, ajaribu kwanza wiki mbili bila. Kahawa ipunguze kidogokidogo, ukiikata ghafla kichwa kitakuuma siku kadhaa.

Daftari la wiki moja

Chukua daftari dogo la shule, chora mistari miwili upate safu tatu. Ya kwanza andika saa na mahali. Ya pili andika wazo lenyewe kwa maneno yake, bila kulipamba. Ya tatu andika ulichofanya baada ya hilo wazo. Yangu ya Jumanne moja ilisomeka hivi: "Saa 12 na nusu jioni, kona. 'Kufuli liko wazi, fedha za watu zitaibiwa.' Nilirudi, nikavuta mara tatu. Nilipata amani kama dakika mbili."

Safu ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nalalamikia mawazo, lakini daftari lilinionyesha kwamba kila nilipolitii wazo, lilirudi mapema zaidi. Wazo huja lenyewe, sina mamlaka juu ya hilo. Ninachofanya dakika inayofuata ndicho kinacholilisha au kuliacha na njaa. Mwongozo wote huu umesimama juu ya jambo hilo.

Wiki ikiisha, pitia daftari ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Weka alama kwenye mawazo yenye kazi ndani yake: kodi, ada, barua ambayo hujaijibu. Yaliyobaki ni ya aina ya "je, kama": je, kama mume akipata ajali, je, kama nina ugonjwa usioonekana. Mafungu haya mawili hayatibiwi kwa dawa moja, na kuyachanganya ndiko kunakochosha.

Wasiwasi wenye kazi: utafutie kazi yake

Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kazi na mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare. Walifundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kusikiliza, na kumwongoza mtu atatue shida moja kwa wakati. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwa Kishona kufunga ni kuwaza. Mimi na kufuli langu, nilipolijua neno hilo nilinyamaza kidogo. Utafiti wao wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na wahudumu hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo sasa limefika hadi Zanzibar.

Unaweza kuitumia njia yao mezani kwako. Andika shida zote, hata kumi na tano. Chagua moja tu, na si lazima iwe kubwa kuliko zote, chagua ile unayoweza kuigusa wiki hii. Iandike kwa namba na tarehe. "Nina shida ya hela" haina mahali pa kuishika. "Kodi ya miezi 3 ni shilingi 180,000, nina 110,000, zimebaki siku 12" unaweza kuishika. Sasa orodhesha njia zote, hata zile za ajabu: kuongea na mwenye nyumba alipwe miezi 2 kwanza, kuomba zamu kwenye mchezo wa kuchangiana fedha ibadilishwe, kukopa kikoba, kuuza kiti cha plastiki. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, uandike pia, halafu uandike kando yake utarudisha kiasi gani, uone kwa macho yako. Chagua njia moja, na uikate hadi hatua unayoweza kuimaliza kesho kabla ya saa sita mchana. "Kesho saa nne nampigia mwenye nyumba." Basi. Kesho jioni rudi kwenye daftari uandike kilichotokea.

Wasiwasi wa namna hii mara nyingi hupungua kabla hata fedha hazijapatikana. Ule mzunguko wa kichwani umekatwa, hilo peke yake ni nafuu.

Saa ya wasiwasi

Kwa yale ya "je, kama" yasiyo na kazi ndani yake, kuna mbinu aliyoipima mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983. Inaonekana ya kitoto hadi uijaribu. Unalitengea wazo muda wake: nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale. Mimi nilichagua saa kumi na moja jioni, kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Usichague kitandani, wala karibu na muda wa kulala.

Wasiwasi ukija saa tatu asubuhi, hukatazi wala hujibu. Unaandika maneno matatu kwenye kipande cha karatasi, "ajali ya baba", kisha unarudi kwenye kazi iliyo mkononi: mteja huyu, sufuria hii. Ukija tena, unauelekeza kulekule. Saa kumi na moja ikifika unakaa kweli, unatoa karatasi, unawaza kwa nguvu zako zote hadi nusu saa iishe. Mengine utayakuta hayana tena makali. Mengine yatauma, na hapo utayaandika kwa urefu. Simu ikilia kuashiria muda umekwisha, simama, nawa uso, fanya kitu cha mikono. Jipe wiki nne kabla ya kuhukumu. Wiki ya kwanza niliona ni upuuzi. Ya tatu nilijikuta nimekaa kwenye kigoda, dakika ya kumi, sina la kuwaza.

Hofu ikipanda ghafla

Umebanwa kwenye daladala, dirisha halifunguki, moyo unaanza. Sema kimoyomoyo: "Hili ni shambulio la hofu. Linapanda, litafika kileleni, litashuka." Kwa kawaida kilele hufika ndani ya dakika kumi hivi. Mwili hauwezi kubaki juu hivyo siku nzima.

Toa pumzi kwanza, usianze kwa kuvuta. Toa polepole kwa mdomo, kama unapuliza uji wa moto bila kuumwaga, hesabu hadi 6. Kisha vuta kwa pua hadi 4, mkono ukiwa tumboni uone tumbo ndilo linaloinuka, kifua kikitulia. Endelea kwa dakika tano. Wakati huohuo yarudishe macho na masikio garini: maandishi ya kiti cha mbele, kanga ya mama yule, ukucha wa kondakta anavyogonga bati, joto la chuma ulichoshika.

Halafu, hapa ndipo pagumu, usishuke. Ukishuka, hofu itapungua papo hapo, na ubongo utajifunza kwamba daladala ndiyo ilikuwa hatari na kushuka ndiko kulikokuokoa. Kesho king'ora kitalia ukiwa bado kituoni. Baki hadi unakokwenda, hata kama unatetemeka. Kama umeshashuka usijilaumu, panda inayofuata siku hiyohiyo. Na pumzi zisigeuke hirizi. Unapumua ili uweze kubaki, hupumui ili hofu ikimbie.

Mawazo yanayojileta

Jirani yangu alikuwa na mtoto wa wiki sita. Nilikwenda kumsalimia nikamkuta anachana mchicha kwa vidole, jani moja moja, sinia magotini. Nikaomba kisu nimsaidie. Akaniambia hakuna. Baadaye nikaviona visu vyote vimeviringishwa kwenye kanga kuukuu juu ya kabati. Nilipomwuliza alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shoga, nikishika kisu na mwanangu yuko karibu, linanijia jambo siwezi hata kulitamka." Alikuwa amekaa na siri hiyo mwezi mzima. Alikuwa na uhakika kwamba yeye ni mama mbaya, na akilitamka watamnyang'anya mtoto. Amenikubalia niliandike hili bila jina lake, ili mwenzake mwingine alisome.

Nilimwambia nililoambiwa mimi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa vyuo vikuu 777 katika nchi 13, na karibu asilimia 94 walisema wamewahi kujiwa na mawazo wasiyoyataka ndani ya miezi mitatu tu: ya kumdhuru mtu, ya aibu, ya kukufuru, ya kujitupa kutoka juu, ya shaka. Na utafiti mmoja wa Kanada juu ya akina mama wa uzazi wa kwanza ulikuta karibu nusu yao waliwahi kupitiwa na wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi. Hawakuwa wauaji. Walikuwa mama waliochoka, waliokabidhiwa kitu cha thamani kuliko vyote walivyowahi kushika.

Wazo la aina hii hunata mahali penye upendo. Mama anayempenda mtoto hujiwa na kisu. Mcha Mungu hujiwa na matusi akiwa kwenye sala. Mimi niliyekuwa nashika fedha za watu, na sijawahi kupunguza hata shilingi mia, nilijiwa na kufuli. Ile hofu na kichefuchefu unachokipata ni ushahidi kwamba wazo halifanani nawe.

Sasa kwa nini haliondoki? Jaribu kwa dakika moja kutomfikiria dubu mweupe. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwapa watu kazi hiyo huko Marekani, akawaambia wagonge kengele kila dubu akiwajia. Kengele ziligongwa. Na walipopewa ruhusa ya kumfikiria, aliwajia zaidi kuliko waliokuwa wameruhusiwa tangu mwanzo. Ili ulizuie wazo, lazima sehemu ya akili ibaki inalinda mlango kuangalia kama limekuja, na mlinzi huyo ndiye anayeliita.

Kwetu Waswahili neno lenyewe linajieleza. Wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, waswasi, mnong'ono. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba baadhi ya maswahaba walimlalamikia Mtume (SAW) kuwa wanakuta nafsini mambo mazito mno kuyatamka, naye akawaambia kuwa hiyo ni imani ya wazi. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi aliuandika waswasi kama moja ya maradhi ya nafsi, sambamba na hasira, hofu na huzuni, akiyatafutia tiba. Na anayerudia udhu mara sita kwa shaka, kanuni ya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, iko wazi: yakini (uhakika) haiondolewi na shaka. Umetawadha, basi umetawadha. Ndugu zangu Wakristo wanaorudia sala ya toba mara kwa mara kwa sababu "haikutoka moyoni sawasawa" wako kwenye shimo lilelile, na kiongozi wao wa dini anaweza kuwasaidia kuweka mpaka wa mara moja. Kuomba si kosa. Kuomba mara saba ili kulifuta wazo, na kuanza upya ukikosea neno, hiyo ni kuvuta kufuli.

Kwa vitendo, jirani yangu alifanya hivi. Alitoa visu kwenye kanga, kwanza kile cha siagi. Akaketi na mboga, mtoto akiwa kwenye mkeka hatua chache. Wazo likaja. Akaliita kwa jina: "Hilo ni wazo linalojileta." Hakulijibu "hapana, mimi nampenda mwanangu," maana jibu hilo huomba swali jingine. Hakufumba macho, hakuimba. Aliliacha likae pembeni kama redio ya jirani, akaendelea kukata. Mikono ilitetemeka. Mchicha ulikatika vibaya. Kesho yake akakata tena, na tena, hadi kisu kikawa kisu.

Kuna hali ambazo si hizi, na lazima zitofautishwe. Ukisikia sauti zinazokuamuru, au wazo limeacha kukuogopesha na limeanza kukuvutia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama mama aliyejifungua hivi karibuni halali siku kadhaa, anachanganyikiwa na kuamini mambo ambayo wengine hawayaoni, asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ngazi ya kufuli

Mwaka 1966, katika hospitali moja ya London, mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika juu ya wagonjwa wawili wenye mawazo na vitendo vya kujirudia ambao hawakuwa wamepata nafuu kwa njia nyingine. Aliwakutanisha na walichokiogopa, akawazuia kufanya vile vitendo vyao vya kujituliza. Walipata nafuu. Tiba hiyo imeboreshwa tangu hapo, na ndiyo niliyopewa mimi: kukabili bila kukagua.

Unaandika vitu unavyoviogopa, unavipa namba kuanzia 0 hadi 10, unaanza chini. Yangu ilikuwa hivi:

3: kufunga nikiwa na mdogo wangu kando, kuondoka bila kurudi.
4: kuvuta kufuli mara moja badala ya tatu.
6: kufunga peke yangu na kutorudi hadi asubuhi.
7: kufunga huku naongea na simu, ili nisikumbuke vizuri kama nimesikia mlio.
9: kumwachia binti ninayefanya naye kazi afunge, na nisimuulize.

Ile ya 6 naikumbuka dakika kwa dakika. Nilifika kona, hofu ikawa 8. Muuza mihogo akanitazama akijua nitageuka. Nikanunua mihogo ya shilingi mia tano ili mikono iwe na kazi. Baada ya dakika ishirini nilikuwa nimefika nyumbani, hofu 7. Nilitaka kumtuma mtoto akaangalie, nikajizuia. Baada ya robo tatu ya saa, 4. Usiku nililala. Wiki nzima nilirudia hatua hiyohiyo, na jioni ya sita hofu ilianzia 4.

Sharti lake ni kutojidanganya. Mwanzoni mimi nilikuwa napiga picha kufuli kwa simu, niiangalie nyumbani. Nilikuwa na picha zaidi ya mia mbili za kufuli moja. Nilijiona nimepona kwa sababu sirudi, kumbe nilikuwa narudi kwa kidole. Vivyo hivyo kumuuliza mwenzako "uliniona nikifunga?", kusoma dalili za magonjwa kwenye simu, kutazama tiki za buluu kila dakika kujua kama mtu amekukasirikia. Zote ni kufuli. Ziandike kwenye ngazi nazo. Ukikwama kwenye kipandio, weka kingine katikati, usiruke kwenda juu. Na kama mawazo yako yametokana na jambo baya ulilofanyiwa kweli, vita, ubakaji, ajali, usipande ngazi peke yako. Tafuta mtaalamu mpande naye.

Walio nyumbani

Mume wangu alinijibu "umefunga, mke wangu" mara nyingi mno, kwa mapenzi kabisa, na kila jibu lilinipa dakika mbili. Mshauri alitufundisha jibu jingine, na ilibidi tukubaliane nalo mimi nikiwa nimetulia, si katikati ya hofu: "Naona wasiwasi umekuja. Hilo sitalijibu, ila nipo hapa. Njoo tumenye vitunguu." Mara za kwanza nilikasirika. Alivumilia.

Mama yangu yeye alikuwa anasema, "Mwanangu, acha kuwaza." Msimwambie mtu hivyo, tafadhali. Angeweza, angekwisha kuacha.

Usiku

Ukikaa macho kama dakika ishirini, toka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya kitu kisichosisimua, rudi usingizi ukija. Amka saa ileile hata kama umelala vibaya. Saa ya ukutani igeuze. Maamuzi makubwa usiyafanye saa tisa usiku.

Wakati wa kutafuta tiba

Wengi wanakwepa kwa kuogopa kuambiwa "wa Mirembe" au "wa Mathari", zile hospitali za wagonjwa wa akili za Tanzania na Kenya. Huhitaji kuanzia huko. Anza kituo cha afya kilicho karibu, ukipewa rufaa uende hospitali ya mkoa, uulize kitengo cha afya ya akili. Nenda kama mawazo au vitendo vya kujirudia vinakula zaidi ya saa moja kwa siku, kama umeacha kazi, ibada au safari kwa ajili ya hofu, au kama pombe ndiyo inayokulaza.

Omba tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na tabia, na uulize kama mtaalamu anajua kazi ya ngazi. Dawa nazo zipo na hazina aibu. Zile za kundi la fluoxetine huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, siku za kwanza zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo, na haziachwi ghafla bila daktari. Diazepam usijinunulie dukani. Inatuliza haraka, lakini ukiizoea inakushika, na kuikatiza ghafla baada ya muda mrefu ni hatari.

Kama unawaza kujiua, na hasa kama umefikia kupanga, mwambie mtu leo, usilale peke yako, na mpe mwingine dawa na sumu zote za nyumbani azitunze. Kwa walio Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba, kwa hiyo hofu ya polisi isikufunge mdomo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu huko Kenya inapokea simu bure.

Mbele ya daktari maneno hukauka, kwa hiyo nenda na karatasi. Andika ilianza lini, inakuchukua saa ngapi kwa siku, nini umeacha kufanya, dawa na vinywaji unavyotumia, na lile wazo lenyewe kama lilivyo. Usipoweza kulisoma kwa sauti, mpe karatasi asome. Akikucheka au akikwambia ni mapepo tu, chukua karatasi yako, nenda kwa mwingine. Mimi aliyenisikiliza alikuwa wa tatu. Karatasi ilikuwa ileile, imekunjwa mara nne, na nilimpa bila kusema neno.